Mvua ya Hasi Ishirini na Nne

Juni 9, Jumapili

Joto la kukaushia mikate ya papadi. Mvua imefika Goa, wanasema, na huko imeketi. Hapa Chiplun hata kunguru wanatweta.

Leo Bwana Sathe wa kamati ya masomo ya mtandaoni amenitumia kazi. Masomo ishirini na nane ya takwimu na uwezekano kwa darasa la kumi, yote ni video, majina ya walimu yamefichwa, kila somo na namba yake. Waamuzi tuko watatu. Kila mmoja anatoa alama kuanzia moja hadi tano, unachukuliwa wastani, na somo ambalo wastani wake hauvuki tatu linatupwa. Wengi waliorekodi ni walimu wa mkataba. Sathe alinieleza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba mwalimu ambaye somo lake litatupwa hataongezewa mkataba.

"Kwa hiyo Mwalimu Malati, ukiweza, uwe na huruma kidogo."

"Huruma kaiombe hekaluni. Mimi nitatoa alama."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne katika shule ya wasichana. Nusu ya akina mama wa mji huu walipita mikononi mwangu. Sitaanza kuonea watu huruma nikiwa na miaka sitini na minne.

Fomu ya kutolea alama ina maswali kumi na mawili. Je, rangi zinavutia? Je, muziki unafaa? Je, mwalimu anatabasamu? Nimeisoma mara mbili nikitafuta swali linalouliza kama kinachofundishwa ni kweli. Halipo! Ndiyo maana nimefungua daftari hili. Hasira lazima ziwekwe mahali.

Juni 11

Imekuja. Alfajiri, kwa kishindo, na umeme ukakatika papo hapo.

Saa mbili na nusu Shaku alitoka na mwavuli kwenda kwenye kipimamvua, akarudi miguu imejaa tope, akaandika 38 kwenye kalenda ya ukutani, chini ya alama za maziwa na mtungi wa gesi. Shaku ni wifi yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu Vasant. Vasant alikuwa bwana shamba, na kipimamvua kile cha uani ni chake. Alifariki miaka sita iliyopita. Dada yake hajakosa kukisoma hata siku moja, hata akiwa na homa. Mimi huwa namwambia mvua itanyesha tu, aipime asiipime.

Juni 13

Masomo 1 hadi 3. Wote watatu wanasoma kitabu kwa sauti. Mmoja kapiga miayo. Nimetoa mbili, mbili, na moja ya miayo.

Juni 15

Somo la 4. Kijana mwenye tai anarusha sarafu. Kichwa mara tano mfululizo. Anaikaribia kamera na kusema, "Sasa bila shaka zamu ya upande wa pili imewadia." Imewadia! Sarafu ina kumbukumbu gani? Inajua imeanguka vipi jana? Nimetoa moja. Nimefungua alama za wenzangu: Dandekar, mwamuzi wa Pune, kampa nne.

Juni 16

Somo la 6. Uwezekano umetoka moja nukta mbili, na hauwezi kuvuka moja. Mwalimu kaupigia mstari mara mbili, katabasamu. Dandekar: nne.

Juni 19

Sifuri milimita. Jua kali, nguo zimekauka. Nilitazama somo la 9 barazani, mtandao unakuja na kuondoka. Shaku alikuwa pembeni anachambua kamba wakavu.

Mwalimu wa video alisema: "Kesho ama itanyesha, ama haitanyesha. Mambo ni mawili. Kwa hiyo uwezekano wa kunyesha ni nusu."

Shaku aliangua kicheko hadi ungo ukamponyoka. "Huyu hajawahi kulala pwani hii ya Konkan mwezi wa sita!"

"Nyamaza, nasikiliza."

"Unasikiliza nini, wifi? Mwambie aanike mchele wake nje kesho, halafu atuletee hiyo nusu."

Nilitaka kucheka na mimi, nikajizuia. Nimetoa moja. Sihitaji kuandika Dandekar katoa ngapi.

Juni 20

Imenyesha. Bila shaka.

Juni 23

Somo la 14 lina muziki wa harusi toka mwanzo hadi mwisho. Sikusikia neno. Kichwa kinaniuma mpaka sasa.

Juni 26, Jumatano

Somo la 17. Lazima nitulie kwanza ndipo niandike.

Ni mwanamke, kwa sauti hajafika thelathini. Uso hauonekani, mkono tu, na ubao mdogo umeegemezwa kwenye kabati. Mvua inapiga bati juu yake, na kila ikizidi anasimama, anangoja, kisha anaendelea. Hakuna muziki. Nusu ya kwanza nilikaa wima kwenye kiti kwa furaha. Alichukua idadi ya watoto wanaochelewa shuleni kwake kila siku, akaonyesha wastani, kisha namba ya katikati ukizipanga toka ndogo hadi kubwa, kisha namba inayojirudia zaidi, na kwa nini hizi tatu si kitu kimoja. Hata Shaku aliacha kukata bamia.

Kisha akaandika ubaoni kanuni yangu. Nasema yangu kwa sababu hakuna binti wa Chiplun asiyeijua, na niliwafundisha kwa wimbo wa kupiga makofi: *Tatu katikati, toa mbili wastani, wapata inayojirudia!* Zidisha namba ya katikati kwa tatu, toa wastani mara mbili, basi. Kila mwaka inaleta alama mbili kwenye mtihani.

Na huyu binti anasema hivi: "Hii si sheria. Ni makadirio tu, na hukaribia pale namba zinapokuwa hazijaegemea sana upande mmoja. Msiniamini mimi wala kitabu. Chukueni namba za nyumbani kwenu, mjaribu."

Msiniamini! Mbele ya watoto wa miaka kumi na tano, miezi minane kabla ya mtihani! Nimetoa moja. Kwenye maelezo nimeandika: "Anapotosha."

Shaku akauliza, "Mbona moja? Huyu ndiye wa kwanza niliyemwelewa."

"Kumwelewa mtu si dalili kwamba anasema kweli."

Alirudi kwenye bamia zake.

Julai 2

Matokeo. Somo la 17: mimi moja, Dandekar nne, mwamuzi wa tatu nne. Wastani tatu kamili. Haukuvuka. Limetupwa. La 9, la nusu ya mvua, limepita, maana mwamuzi wa tatu alimpa tano kwa tabasamu. Nilimpigia Sathe nikamwambia kamati yake ni gulio. Akanishukuru kwa maoni.

Julai 4

Mvua. 112.

Julai 8

Shaku amekuwa mkimya siku nne. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nimemuuliza kama anaumwa, kasema haumwi. Penseli yangu haionekani.

Julai 14, Jumapili

Baada ya chakula cha mchana Shaku alikuja na ukurasa wa Juni alioung'oa kwenye kalenda, akaulaza mezani kichwa chini. Nyuma yake kulikuwa na hesabu za penseli. Yangu.

"Wifi, nikague."

"Nikague nini?"

"Yule wa kumi na saba alisema tujaribu na namba za nyumbani. Nimejaribu na mvua."

Kumbe kila nikilala mchana alikuwa anachukua kishikwambi changu na kumtazama yule binti. Mara sita, anasema. Alikuwa amejumlisha siku zote thelathini za Juni: milimita 810. Wastani 27. Alikuwa amezipanga toka ndogo hadi kubwa bila kuruka hata moja: ya katikati 10. Inayojirudia zaidi ni sifuri, siku kumi na moja, maana mvua ilichelewa. Mwandiko ni wa mtoto wa shule, lakini kila kitu kiko mahali pake.

"Sasa tia kanuni yako," akasema. "Kumi mara tatu?"

"Thelathini."

"Ishirini na saba mara mbili?"

"Hamsini na nne."

"Haya. Thelathini toa hamsini na nne."

Niligeukia dirisha. Nje mvua ilikuwa inamwagika.

"Hasi ishirini na nne," akasema mwenyewe. "Yaani siku nyingi za Juni, wifi, mvua ilitoka kwenye kopo la kaka ikarudi juu mbinguni?"

"Umejumlisha vibaya."

"Jumlisha wewe."

Nilijumlisha. Toka juu kushuka chini, toka chini kupanda juu, kisha nikavaa miwani mingine. Mia nane na kumi.

"Na hizi ni alama zenu," akaendelea, kidole kikishuka pembeni mwa karatasi. "Moja, nne, nne. Wastani tatu, katikati nne. Kwa kanuni yako inayojirudia ni sita. Sita, na mwisho ni tano! Hata Dandekar hajafika huko. Mwezi mzima unawasimanga wenzako na sarafu zao. Nyani haoni kundule."

Hapo ndipo niliposema neno. Naliandika hapa kama nilivyolisema, nisije baadaye nikalipaka sukari: "Aliyefeli mara mbili ndiye leo wa kunifundisha mimi?"

Shaku alikunja ule ukurasa mara nne, akautia kifuani, akaenda jikoni kuosha vyombo. Hakuvigonga hata kimoja.

Julai 15

64. Kaandika, akarudi jikoni.

Julai 17

Sijalala vizuri siku tatu, na si kwa sababu ya mvua.

Nilipoolewa nyumba hii nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya. Shaku alikuwa na kumi na sita, kafeli darasa la kumi mara mbili, somo moja tu: hesabu. Baba mkwe aliniita mbele ya watu wote. "Wewe ndiye uliyesoma. Tumlipie tena ajaribu?" Shaku alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Kichwa chake hakikuumbwa kwa hesabu." Ikaishia hapo. Hakujaribu tena. Nilikuwa nimemfundisha miezi miwili kwa nyimbo zile za makofi, na kila mara alikuwa ananiuliza, "Kwa nini?" Nikadhani mtu anauliza kwa nini kwa sababu haelewi.

Julai 22, Jumatatu

Mto umepanda. Toka saa sita mchana maji yalikuwa kwenye ngazi ya tatu, na sisi wawili tukabeba kila kitu juu: gunia la mchele, mtungi, sanamu za madhabahuni, makasha ya vitabu. Tuliongea ya lazima tu. "Shika huku." "Taratibu." "Mguu wako." Alikwenda uani maji yakiwa magotini, akang'oa kipimamvua kisije kikapelekwa na mto, akakipandisha darini kabla ya televisheni.

Maji yalifika kizingitini yakasimama.

Kasha moja lilikuwa limelowa chini. Nikaanza kuanika vitabu, na miongoni mwao kikatoka kile nilichofundishia mwaka wangu wa kwanza. Nikafungua ukurasa wa kanuni. Kabla ya kanuni yenyewe kuna neno moja dogo: *takriban*. Limekatwa kwa wino mwekundu. Wino ni wangu. Nikakumbuka vizuri kabisa: kila mwaka, darasa zima, nilikuwa nawaambia walikate. Nilikuwa nasema linawachanganya tu, mtihani hauliulizi.

Kitabu hakikunidanganya. Mimi ndiye niliyewakatisha wasichana neno la kweli kwa miaka thelathini na minne, na yule binti wa namba 17 alikuwa analirudisha, na mimi nikampa moja. Nimeona aibu ya kuchoma masikio.

Julai 23

Maji yameshuka. Tope kila mahali. Kasoma kipimamvua darini: haihesabiki, anasema, kachora kistari tu.

Julai 25

Nimempigia Sathe. Nataka kubadili alama ya somo la 17.

"Haiwezekani, Mwalimu. Zimeshafungwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Wiki hii usinitajie maji. Kuna mtu atapoteza kazi kwa kosa langu."

"Kuna fomu ya marekebisho, mwisho tarehe kumi na tano Agosti. Lakini nikushauri kama mwanao: achana nayo. Barua yako itasambazwa kwa waamuzi wote na walimu wakuu wa wilaya. Watu watasema nini?"

"Watasema nilikosea."

"Ndiyo hicho ninachosema, Mwalimu."

Walimu wakuu wa wilaya. Tisa kati yao niliwafundisha mimi. Nimeiacha simu mezani nikaenda kusugua tope.

Agosti 5

Mwezi mtakatifu wa Shravan umeanza, samaki basi. Shaku kapika mchicha pori. Sijaandika barua. Kila asubuhi nasema leo.

Agosti 11, Jumapili

Nimefungua fomu ya marekebisho. Chagua sababu ya kubadili alama: ugonjwa, umeme, mtandao, nyinginezo. Nilikosea haimo. Kamati nzima ya wasomi haikuwaza kwamba mwamuzi anaweza kukosea! Nikachagua nyinginezo. Nafasi ya maelezo: herufi ishirini. Nikaandika, "Nilikosea mimi." Zimetosha, na nyingine zikabaki.

Kisha barua. Mficha uchi hazai. Niliandika kwamba kanuni ile ni makadirio, kwamba niliifundisha kama sheria toka nianze kazi hadi nistaafu, kwamba niliwaambia wanafunzi wakate neno la kitabu, na kwamba mwalimu wa somo la 17 ndiye pekee kati ya wote ishirini na wanane aliyewaomba watoto wahakikishe wenyewe. Alama yangu kwake ni tano. Nikaambatisha hesabu ya mvua ya Juni, na chini yake: "Imefanywa na Shakuntala Nagvekar."

Kabla ya kutuma nilikwenda jikoni. Alikuwa anakuna nazi.

"Shaku. Nilikosea ile Juni. Na nilikosea mwaka ule mbele ya baba. Kichwa chako hakikuwa na kosa. Nilikuwa nimeolewa juzi, nilitaka nionekane najua. Nisamehe."

Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu.

"Miaka arobaini, wifi," akasema. "Umechelewa kidogo."

"Najua."

"Nipe nazi nyingine."

Nikampa. Nilikaa pale nikimenya vitunguu, na machozi yangu hayakuwa ya vitunguu peke yake.

Agosti 16

Dandekar amepiga simu, barua keshaisoma.

"Mama Nagvekar, umejiaibisha bure. Mimi nimetoa nne kwa masomo yote na sina adui hata mmoja."

"Umetazama mangapi?"

"La kwanza." Akafikiri. "Nusu."

Nimekata simu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa somo la 17 nne yake ya uvivu ilikuwa karibu na haki kuliko moja yangu ya umakini. Sijui mtu afanye nini na jambo kama hilo. Walimu wakuu watatu wameandika. Wawili wananipongeza, wa tatu anauliza kama alama zake za zamani zitaguswa.

Agosti 19

Tumetia nazi mtoni kwa sikukuu ya nazi. Shaku kanishika mkono kwenye ngazi zenye utelezi. 21.

Septemba 3

Orodha ya mwisho imetoka. Somo la 17: moja imekuwa tano, wastani nne nukta tatu. Limepita! Mkataba wake utaongezwa, Sathe kathibitisha. Bado simjui jina na sitauliza.

Nimefungua video yenyewe kuhakikisha hawajakata maneno yake. Hawajakata. Wameuwekea mwanzo muziki wa filimbi. Dakika nzima ya filimbi! Nimewaandikia.

Septemba 7

Ni sikukuu yake, mungu Ganesha kaingia nyumbani. Modak, keki za nazi za sikukuu, arobaini na moja, Shaku kakunja zote, zangu zilipasuka. Wapwa wamekuja toka Mumbai, nyumba imejaa. Sina nafasi ya kukasirika.

Septemba 13, Ijumaa

Wageni wameondoka. Shaku alivaa sari yake ya kijani, akatoka asubuhi bila kusema aendako, akarudi saa saba na bahasha. Akaiweka mbele yangu, juu ya daftari hili hili.

Ni fomu ya namba kumi na saba. Kila nyumba ya jimbo letu la Maharashtra inaijua: ndiyo fomu ya mtahiniwa wa nje, asiye na shule. Jina, Shakuntala Nagvekar. Umri, miaka hamsini na sita. Darasa la kumi, masomo yote, Machi.

"Wanataka sahihi ya mtu anayenifahamu," akasema. "Usicheke."

"Nacheka wapi?"

Nilitia sahihi. Kisha nikasema, kwa furaha, bila kufikiri, "Hesabu tutaanza kesho asubuhi. Nitakufundisha mwenyewe, toka mwanzo, na safari hii uulize kwa nini kadri utakavyo."

Shaku alikunja bahasha taratibu.

"Hapana, wifi. Usichukie. Hesabu nitasoma na yule wa kumi na saba. Ana masomo mengine manane mtandaoni, nimeshayatafuta, nimemjua kwa sauti."

Nikafunika kalamu.

"Na mimi nifanye nini?"

"Asubuhi nitakuwa nasoma," akasema. "Kuna kazi ya saa mbili na nusu."

Septemba 14

Milimita 6. Nimesoma mimi, kwa mwavuli wake. Nimetazama mstari wa maji mara mbili, kisha nikamwita aje ahakikishe.